Africa Addio: Ile Muvi 'Iliyokatazwa' Kuhusu Kenya na Zanzibar, na Venye Itakuangusha

Kama we ni wa kukesha YouTube ukitafuta video za Kenya ya zamani, kuna siku utapatana nayo. Picha ya mbele ina moshi na watu wanakimbia, halafu kichwa cha habari kinapiga mayowe: muvi waliyokatazwa kuonyesha, hawataki uione, ukiwa na roho nyepesi usifungue. Inaitwa Africa Addio, yaani Kwaheri Afrika. Ilitoka Italia mwaka wa 1966. Ndani kuna Kenya ya siku za uhuru, Zanzibar ya Mapinduzi, Dar es Salaam ya maasi ya wanajeshi na Congo ya mamluki, na karibu yote ni ya rangi safi kabisa.

Ukisikia hivyo unaona umeokota dhahabu. Picha za rangi za Kenya ya 1963 hazipatikani ovyo, na wengi wetu tumezoea zile za rangi nyeusi na nyeupe za Kenyatta akipunga usinga. Basi unaweka popcorn kando, unazima taa, unaanza. Masaa mawili na zaidi baadaye umeboeka, umekasirika, na hujui ni gani ulichoona kilikuwa cha ukweli na ni gani kilipangwa. Hiyo ya mwisho ndio inauma zaidi, na ndio sababu ya hii stori.

Waliotengeneza ni nani?

Wasee wawili wa Italia, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Jacopetti alikuwa mwanahabari, msee wa suti na maneno matamu. Mwaka wa 1962, wakiwa na mwenzao Paolo Cavara, walitoa muvi inaitwa Mondo Cane, maana yake dunia ya mbwa, maneno ambayo Mwitaliano hutamka akikereka na maisha. Ilikuwa ni mkusanyiko tu wa vituko kutoka pande zote za dunia: mila za watu, wanyama wakichinjwa, walevi wa Hamburg, chochote cha kukufanya ufunike macho na vidole huku ukichungulia. Ilienda mpaka shindano la Cannes, na wimbo wake, More, ukapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Pesa iliingia. Na pesa ikiingia unajua venye huenda: 1963 wakatoa Mondo Cane 2.

Sasa hapo kwa Mondo Cane 2 kuna kitu lazima ukijue kabla ya kugusa Africa Addio. Juni 1963, mtawa wa Kibudha anaitwa Thich Quang Duc alijichoma moto barabarani Saigon, Vietnam, akipinga serikali. Picha iliyopigwa na Malcolm Browne ilizunguka dunia nzima. Jacopetti na Prosperi hawakuwa na hiyo video, lakini walitaka hiyo video. Wakatengeneza yao. Yule mtawa anayechomeka kwa muvi yao ni mwanasesere, na Prosperi mwenyewe alikuja kukubali kwamba ilikuwa ni ya kuigiza. Kwenye ukumbi wa sinema hakuna mtu aliambiwa.

Ni hao hao waliokuwa wanazunguka Afrika Mashariki na kamera.

Kenya yao na Kenya yetu

Muvi inaanza kwa sauti ya mzee mtulivu ikikuambia kwamba Afrika ya zamani inakufa na kamera imekuja tu kurekodi kifo chake, haina upande. Shika hayo maneno. Halafu inaingia Kenya: bendera ya Mwingereza inashuka, walowezi wanapakia vitu, vyombo vya nyumba vinauzwa kwa mnada, Makaburu wanafunga magari ya ng'ombe warudi Afrika Kusini. Muziki ni wa Riz Ortolani, mtamu wa kukutoa machozi, na unachezwa pale mlami anapolia. Mwafrika akiingia kwa picha, muziki unageuka na sauti ya mzee inaanza kejeli.

Hapa mtu yeyote aliyekulia kwa kibanda cha muvi ataelewa chap chap. Unajua venye DJ Afro anaweza kuchukua muvi ya Kichina ambayo hujui neno hata moja, akaiongelea, na ukatoka ukiwa na hakika kwamba yule mzee wa ndevu alikuwa anadai deni la shamba? Sauti ndio inakupea stori, picha zinafuata tu. Tofauti ni kwamba DJ Afro anajua unajua anachekesha. Huyu mzee wa Africa Addio anaongea kama mwalimu wa historia.

Na kuhusu sauti, kama muvi nyingi za Italia za enzi hizo, sauti ziliwekwa baadaye studio. Kwa hivyo ukisikia kelele za umati, vicheko, mtu analia nyuma, usikimbie kuamini kwamba ndivyo ilivyosikika siku hiyo pale uwanjani.

Sasa cheki kilichoachwa nje. Muvi inakuonyesha walowezi kama watu waliofukuzwa usiku. Ukweli wa rekodi ni mwingine. Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Kenyatta alienda Nakuru akaongea na walowezi wenyewe, akawaambia wabaki, walime, yaliyopita yasahauliwe. Na waliotaka kuenda hawakuenda mikono mitupu. Kulikuwa na ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, ambapo Uingereza ilitoa pesa, nyingi zikiwa ni mkopo, mashamba yakanunuliwa kutoka kwa walowezi, na takriban familia 35,000 za Waafrika zikapewa vipande. Hizo familia ndizo zilibaki zikilipa mkopo. Kamera ilikuwa pale pale Kenya na hiyo stori ilikuwa inaendelea mbele yake. Ikaona tu machozi ya upande mmoja.

Ni vivyo hivyo na Mau Mau. Muvi inaenda kortini, inakuonyesha washtakiwa, inakusomea makosa yao na kukuachia hofu. Vita vya Mau Mau viliua walowezi raia 32. Serikali ya kikoloni ilinyonga Waafrika zaidi ya 1,000 kwa kamba. Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Uingereza yenyewe, mwaka wa 2013, ilikubali kulipa wazee wetu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambini. Muvi yenye inajidai kuonyesha damu ya Afrika bila woga ilikuwa na damu ya kutosha ya kuonyesha kabla hata bendera haijashuka.

Punda milia wa helikopta

Kuna sehemu moja hata adui wa hii muvi huisifia. Kuna helikopta inapita hewani, chini yake ananing'inia mtoto wa punda milia aliyeokolewa, jua linazama, kinanda na vinubi vinalia. Ni picha nzuri, sitakudanganya. Ni kati ya picha nzuri zaidi utakazoona za enzi hiyo.

Lakini isimamishe hapo, ujiulize swali la mtoto mdogo: kama helikopta tunaiona kutoka nje, huyu anayetuonyesha amesimama wapi? Lazima kuna kamera nyingine ilikuwa inangoja, jua limepimwa, rubani ameambiwa apite wapi. Haimaanishi mnyama ni wa bandia. Inamaanisha tukio limepangwa ili lionekane, na wewe umeuziwa kama limetokea tu. Ukishajifunza kuuliza hilo swali moja, muvi nzima inaanza kuvunjika mikononi. Mtu anatoka kwa mlango akishtuka, na kamera ishafika ndani kabla yake. Umati unakimbia kuelekea lenzi badala ya kukimbilia usalama. Unaona mtu kutoka mbele, halafu kutoka nyuma, kwa sekunde mbili, na eti ni tukio la ghafla.

Kwa upande wa wanyama, jiandae, au ruka tu. Viboko, ndovu, mikuki, bunduki, dakika baada ya dakika. Hiyo damu ni ya kweli na haina mwisho. Mwanzoni unashtuka. Baada ya kama nusu saa unashika simu ucheki kama kuna mtu amekutext. Hii ni kitu mashabiki wa muvi za kutisha hawapendi kuambiwa: kushtushwa bila stori kunachosha. Ukinipigia mia moja mezani, ya mia moja nishazoea.

Zanzibar, ambapo mchezo unaisha

Januari 12, 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Zanzibar, serikali ya Sultani iliangushwa. John Okello, Mganda, ndiye sauti iliyosikika redioni. Sultan Jamshid akatoroka kwa meli. Katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na Wahindi pia. Idadi inabishaniwa mpaka leo, lakini tunaongea maelfu. Wengi waliobaki walikimbia, na ndio maana ukienda Muscat utapata wazee wanaongea Kiswahili cha Unguja kukushinda wewe.

Jacopetti na wenzake waliruka juu ya kisiwa siku chache baada ya Mapinduzi na kurekodi kutoka angani. Unaona watu wameketi kwa safu. Unaona makaburi ya pamoja. Unaona miili ufuoni, nguo nyeupe juu ya mchanga. Hakuna mtu mwingine anayejulikana kuwa alirekodi haya kwa filamu, na kwa hivyo kipande hiki kimekuwa kama ushahidi wa pekee. Kwa familia ambazo wazee wao walipotea wiki hizo, hii si sinema ya Ijumaa usiku. Mtu anaisimamisha, anaangalia, anarudisha nyuma.

Na hapo ndipo nilipoacha kuboeka nikaanza kukasirika. Kwa sababu nani amekuletea huu ushahidi? Ni wale wale wa mwanasesere wa Saigon. Wamekuonyesha uongo wa mtawa, wamekupangia machweo ya punda milia, wamekuekea kelele za studio, halafu kwa sauti ile ile ya mzee wanakuambia, sasa hii ni kweli. Mauaji yalitokea, hilo wanahistoria hawabishani. Lakini kila mtu asiyetaka yaongelewe ana jibu rahisi mfukoni: si ni ile muvi ya uongo ya Wataliano? Na kila mtu anayetaka kueneza chuki dhidi ya Waafrika naye ana klipu tayari, anaikata, anaiweka maneno yake juu. Waliouawa wanabaki katikati wakivutwa na pande zote mbili. Kama wangerekodi kile walichoona angani, wakataja tarehe na mahali, wakanyamaza, leo tungekuwa na hati ya maana. Walichotuachia ni kitu ambacho kila mtu anakishika kwa vidole viwili.

Dar na ile kauli maarufu

Hii nitaipitia haraka. Januari 20, 1964, wanajeshi wa Tanganyika waliasi wakitaka mishahara na maafisa Waafrika. Kamera iko ndani ya gari. Askari wanaizingira, kioo cha mbele kinapigwa, wasee wanatolewa nje. Kwa maelezo yao wenyewe, walikuwa wanaenda kupigwa risasi mpaka askari mmoja akaangalia pasipoti akasema hawa si wazungu, ni Wataliano. Wameirudia hiyo stori miaka mingi. Ni stori poa ya kuongea baa, na hofu kwa hiyo picha inaonekana ni ya kweli. Mishahara ya wale askari, ambayo ndiyo ilikuwa ngori yenyewe, haiwashughulishi sana.

Congo, na kesi

Kama Zanzibar ndio moyo wa hii muvi, Congo ndio mahali ilipelekwa kortini. Mwaka wa 1964, waasi wa Simba walikuwa wameteka sehemu kubwa ya mashariki, na serikali ikaajiri mamluki wazungu kuwarudisha nyuma. Jacopetti na kamera wakafuatana na mamluki, na muvi inaonyesha kuuawa kwa watu mbele ya lenzi, hatua chache tu.

Mwandishi wa jarida la L'Espresso, Carlo Gregoretti, alikuwa nao safarini. Aliporudi Italia aliandika kwamba mauaji yalisubirishwa mpaka kamera ikae sawa. Fikiria hilo vizuri. Kwa mtawa wa Saigon kifo kilikuwa cha uongo. Hapa shtaka lilikuwa kwamba kifo ni cha kweli na ratiba ndiyo ilipangwa. Jacopetti alichunguzwa nchini kwao kuhusu kushiriki mauaji. Alijitetea kwamba alifika tu na kukuta mambo yakiendelea, na mwishowe akaachiliwa.

Sheria ilimalizana naye. Lakini ukicheki kile kipande ukijua stori hii, huoni tena mamluki, unaona mtu nyuma ya kamera akipima mwanga. Na hujui jina la anayeuawa. Muvi haikutajii. Mamluki ana sura, ana maneno, mpaka ana mzaha. Aliyekufa ni kipande cha sekunde chache cha kuuzia tikiti.

Ilipotoka kukawaje?

Italia iliipenda. Mtayarishaji wake, Angelo Rizzoli, alipata tuzo ya David di Donatello mwaka huo wa 1966. Kwingine ilikuwa noma. Berlin Magharibi, Agosti 1966, wanafunzi wa Kiafrika na wa Kijerumani walivamia maonyesho yake kupinga. Mwaka wa 1967, Roger Ebert, ambaye alikuwa ndio ameanza kazi ya kuhakiki muvi kule Chicago, aliichana bila huruma na kuiita ya kibaguzi na isiyo ya ukweli. Mwaka wa 1970 Wamarekani wakaichukua, wakatoa karibu nusu, wakaacha damu na kuibadilisha jina kuwa Africa: Blood and Guts, yaani damu na matumbo. Jacopetti aliikana hiyo. Angalau wao walisema wazi wanauza nini.

Kwa kujibu lawama za ubaguzi, hao wawili walitengeneza Addio zio Tom, 1971, kuhusu utumwa Marekani. Waliirekodi Haiti kwa usaidizi wa dikteta Duvalier, Papa Doc, wakitumia Wahaiti maskini kuigiza watumwa uchi. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kusema sisi si wabaguzi. Acha tu.

Biashara yenyewe haikufa. 1978 ikaja Faces of Death ya Marekani, ile kanda ya video ambayo vijana wa miaka ya themanini walikuwa wanatishiana nayo. Daktari anayekuongoza mle ndani ni mwigizaji, ubongo wa nyani unaoliwa hotelini ni koliflawa na rangi, na katikati wamechomeka picha za ajali ya ndege ya San Diego ya mwaka huo huo, ambayo iliua watu 144. Mchanganyiko ni ule ule: koliflawa na maiti kwa sahani moja. Halafu 1980 Mtaliano mwingine, Ruggero Deodato, akatoa Cannibal Holocaust, hadithi ya kubuni kuhusu wapiga picha wanaochoma kijiji ili wapate video kali. Muziki? Riz Ortolani, yule yule wa punda milia. Nayo iliua wanyama wa kweli, kwa hivyo usiifanye shujaa, lakini angalau ilijua inaongea kuhusu nani.

Bado unataka kuicheki?

Basi ujue kuna zaidi ya moja. Ya Kitaliano ndefu, ya zaidi ya masaa mawili, ndiyo yenye Kenya na machweo na mwisho wa pengwini kule Cape, ambao muvi inawalinganisha na wazungu waliobaki ukingoni mwa bara, na eti hapo ulie. Ya Kimarekani ya 1970 ni fupi na ni damu tupu. Ukiona klipu ya Zanzibar mtandaoni, mara nyingi imetolewa kwa moja ya hizi, imekatwa sauti, imepewa kichwa kipya na mtu asiyetaja imetoka wapi. Angalia ni angani au ni chini. Za angani ndizo za Jacopetti. Jacopetti mwenyewe alikufa Agosti 2011 akiwa na miaka 91, na miaka yake yote alishikilia kwamba Africa Addio ni ukweli mtupu.